Mwaka 1498, kwa nani?

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa, la aina ile mwalimu wa historia hulitunga akiwa amechoka: taja matukio matatu yaliyogeuza historia ya dunia kati ya mwaka 1400 na 1900, na eleza kila moja kwa kifupi. Lilikuwa jaribio la tuisheni ya Jumamosi, kidato cha nne, watoto wamebanana kwenye madawati na feni moja inayozunguka inapotaka. Kwenye kusahihisha, majibu yakaja kama nilivyotegemea. Columbus 1492. Vasco da Gama 1498. Mapinduzi ya Ufaransa 1789. Mkutano wa Berlin. Kalamu nyekundu ilikuwa ikienda yenyewe: pata, pata, pata.

Kisha nikafika kwenye karatasi ya binti mmoja mkimya wa benchi la nyuma. Kwenye tukio la pili alikuwa ameandika hivi:

"Kwa Wareno ni 1498. Kwa Kilwa ni 1505. Mwalimu hukusema kwa nani."

Niliiacha bila alama.

Mwongozo wangu ulikuwa na 1498 tu, alama mbili, moja ya tarehe na moja ya maelezo. Yeye alinipa tarehe mbili na swali juu. Nilipowarudishia karatasi akanifuata mezani: "Mwalimu, mimi namba mbili sijaona alama." Nikamwambia bado naifikiria. Wenzake wakacheka, wakidhani natania. Wiki kadhaa zimepita, na hata nikiwa nimening'inia kwenye daladala bado nalisikia lile "kwa nani".

## Aprili pale Malindi

Tuchukue siku zenyewe. Da Gama alitoka Lisbon Julai 1497 na meli nne. Moja, ya kubebea akiba, ilivunjwa njiani, kwa hiyo zilizofika pwani yetu ni tatu. Tarehe 7 Aprili 1498 zilitia nanga nje ya Mombasa, mambo yakaharibika, zikaondoka. Tarehe 14 zikafika Malindi. Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na Mombasa, na wageni wenye mizinga wakaja kama walioitwa. Akawapa vyakula, akawapa na rubani. Tarehe 24 waling'oa nanga, na tarehe 20 Mei wakawa wamefika Calicut.

(Wengi tulifundishwa kwamba rubani yule ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari kutoka Uarabuni. Wanahistoria wengi siku hizi hawakubali; waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja kuwa mtu wa Gujarat, magharibi mwa India. Lakini ibn Majid anapendeza zaidi kitabuni, basi ameachwa humo.)

Sasa jiweke ufukweni Malindi wiki ile. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza kuvuma, na vyombo vya Wagujarati vinajiandaa kurudi kwao kama vinavyofanya kila mwaka. Rubani anakwenda kulekule anakokwenda siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii amebeba watu wasioujua upepo.

Na hawakuujua kweli. Kwenye kurudi waliondoka India Oktoba, mapema mno, wakahangaika baharini karibu miezi mitatu huku kiseyeye kikiwamaliza. Walipofika Malindi Januari 1499 hawakuwa na watu wa kutosha kuziongoza meli zote, wakaichoma mojawapo, São Rafael, kwenye miamba ya upande wa Tanga ya leo. Mvuvi aliyeuona moshi ule, ungemwuliza kama zama mpya zimeanza, angekujibu kwamba wageni wamechoma chombo chao wenyewe.

## Dhahabu iliyoko Lisbon

Kwa upande wa 1498, basi, binti wa benchi la nyuma ana hoja. Je, 1505?

Kabla ya kufika huko kuna 1502. Da Gama alirudi na kundi kubwa la meli, akatia nanga Kilwa, akamlazimisha Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala, alipe dhahabu la sivyo mji uteketezwe. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon 1503. Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi. Kilikamilika 1506 na kipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la jiji hilo. Nimekaa nacho muda mrefu pichani. Kina umbo la mnara wa kanisa, mwembamba, umechongwa kwa nakshi ndogondogo. Katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wametiwa rangi, wakizunguka mahali pa kuwekea hostia. Vitabu vya sanaa vinakisifu kwamba ni kazi bora ya ufundi wa Ureno, na ufundi ni wao kweli. Dhahabu ilitoka bara, nyuma ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapita mikononi mwa Waswahili, ikachukuliwa Kilwa mbele ya midomo ya mizinga.

Julai 1505 akaja Francisco de Almeida. Mji ulitekwa na kuporwa, Ibrahim akakimbia, ngome ikajengwa, akasimikwa mtawala mwingine wa kuwatii Wareno. Agosti ikawa zamu ya Mombasa. Nayo ikachomwa moto.

Hapo nikadhani nimemaliza. Alama mbili, hongera, tuendelee.

Halafu nikasoma zaidi, mambo yakachanganyika upya. Kilwa ya 1505 haikuwa ile ambayo Ibn Battuta aliikuta mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Husuni Kubwa, lile jumba lililojengwa juu ya jabali likitazama bahari, lilikuwa limeachwa zamani bila kukamilika. Karne ya 15 nzima watu walikuwa wakigombania madaraka. Wareno wenyewe waliihama ngome yao 1512, miaka saba tu baada ya kuijenga. Na karne ya 18 mji ukachangamka tena, safari hii kwa biashara ya watumwa na pembe za ndovu, mchangamko ambao mtu anaona aibu kuuita neema.

Kwa hiyo hata 1505 ina nyufa zake.

## Pilipili ya Venice

Mwisho wa pili wa biashara ya Bahari ya Hindi walikaa watu wa Venice. Pilipili manga ya India ilipita Bahari ya Shamu hadi Misri, ikauzwa Alexandria, na meli za Venice zikaisambaza Ulaya. Mwaka 1501, habari zilipozidi kuja kwamba Wareno wanaleta viungo moja kwa moja kutoka India, mfanyabiashara mmoja wa huko, Girolamo Priuli, aliandika kwenye shajara yake kwa hofu ya mtu anayeona mji wake unakufa.

Haukufa.

Miaka ya mwanzo biashara yake ilipigwa, hilo halina ubishi. Lakini Wareno hawakuweza kuifunga Bahari ya Shamu. Waosmani wa Uturuki wakaichukua Misri mwaka 1517, wafanyabiashara wa Gujarat na wa Aceh kule Sumatra wakatafuta njia zao za kuwakwepa Wareno, na kufika katikati ya karne ya 16 pilipili ya Alexandria kwenda Venice ilikuwa imerudi karibu na viwango vya zamani. Waliokuja kuikata kabisa njia ile ni Waholanzi, ambao kampuni yao iliundwa 1602. Ni zaidi ya miaka mia moja baada ya da Gama.

Nilikaa sana na jambo hili, kwa sababu linauma pande zote. Nilikuwa tayari kusema kwamba 1498 ni mwaka wa Wazungu na sisi tuna wetu. Kumbe hata Ulaya yenyewe haikuwa na mwaka mmoja. Malindi ilipata rafiki wa kumtishia jirani. Kilwa ilipata vitisho kwanza, kisha mizinga. Venice ilipata homa, ikapona, ikaja kufa uzee. Lisbon ndiyo iliyopata sherehe, na vitabu vyetu vinasoma muda kwenye saa ya ukutani ya Lisbon.

## Kijana wa mwaka 476

Nikajiuliza kama shida ni ya 1498 peke yake. Nikaushika mwaka unaopendwa kuliko yote kwenye mitihani: 476, kuanguka kwa Dola ya Rumi.

Tarehe 4 Septemba mwaka huo Odoacer, kiongozi wa askari wa kukodiwa, alimwondoa madarakani Romulus Augustulus, kijana ambaye hata ufalme alitafutiwa na baba yake. Hakumwua. Alimpangia posho, akampeleka Campania, kusini mwa Italia, akaishi huko. Alama za ufalme zikapelekwa Constantinople kwa Zeno, mfalme wa upande wa mashariki wa dola, maana yake mfalme mmoja anatosha. Baraza la wazee wa Rumi likaendelea na vikao vyake. Watu wakaendelea kulipa kodi, kwa manung'uniko yaleyale.

Nani basi alisema dola imekufa? Mmoja wa waliotamka mapema na kwa uwazi ni Marcellinus, mwandishi wa tarehe aliyeishi Constantinople, na aliandika hivyo karne ya 6, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Alikuwa amemtumikia Justinian kabla huyo hajawa mfalme. Na Justinian ndiye aliyekuja kupeleka majeshi magharibi "kuirudisha" Rumi. Naona hiyo si bahati tu: huwezi kwenda kukomboa kitu ambacho hakijatangazwa kupotea.

Halafu kuna hii iliyonichekesha. Mgawanyo tunaowakaririsha watoto, Zama za Kale, za Kati na za Sasa, ulipata umbo la kitabu cha shule mwishoni mwa karne ya 17 kwa mkono wa Christoph Cellarius, profesa wa Halle kule Ujerumani. Kitabu chake cha Zama za Kati, cha mwaka 1688, kinaanzia kwa Konstantino na kuishia Constantinople ilipoanguka mikononi mwa Waosmani, 1453. Mwaka 476 mlangoni haupo.

Yeye alikuwa na kipindi alichokipenda mwanzo na alichokipenda mwisho. Kilichobaki hapo kati akakipa jina la mahali kilipo. Ni humohumo katikati ndimo Baghdad ilimong'ara, Mansa Musa wa Mali alimopita Cairo na dhahabu yake mwaka 1324, na Kilwa ilimopiga sarafu za shaba, mojawapo ikaja kuokotwa Zimbabwe Kuu.

Katikati ya nini na nini?

## Makabati ya Copenhagen

Zama za Mawe na Zama za Chuma nazo zina kwao. Christian Thomsen, msimamizi wa makumbusho kule Copenhagen, alikuwa na rundo la vitu vya kale asivyojua avipange vipi. Akavitenga: vya mawe huku, vya shaba nyeusi pale, vya chuma kule. Mpango huo ukatoka kwenye kitabu cha mwongozo mwaka 1836. Kwa Denmark ulifaa sana. Kusini mwa Sahara sehemu nyingi zilitoka kwenye mawe zikaingia kwenye chuma bila kituo cha shaba nyeusi hapo kati, na vitabu vyetu vikakiruka kituo hicho kimyakimya bila kusema kwamba makabati yenyewe hayakupimwa kwetu.

Kibaya si kupanga vitu. Kibaya ni pale kabati linapogeuka cheo. Mtalii anafika Eyasi, anawaona Wahadzabe, anarudi kuandika kwamba amekutana na watu wa Zama za Mawe, ilhali mishale waliyomwonyesha ina ncha za chuma. Upande wa Kagera, mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha kazi yao pamoja na wazee wa Buhaya waliojenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kwa ufundi wa mababu. Kilichotoka kilikuwa na chuma cha pua ndani yake, na mabaki ya tanuri za kale eneo hilo yakaonyesha ufundi wa jamii hiyo ulikuwepo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Ukiwa mwanafunzi wa Bukoba, hilo unatakiwa kulijua kabla ya kumjua Thomsen.

Kizazi changu, kwa upande wetu, tuliimba ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, ujamaa. Tuliamini kila jamii lazima ipite hapo kwa foleni. Sitaingia sana huko leo, maana kuna wazee wangu wanasoma hapa na wataniita barazani.

## Lakini mtihani uko Novemba

Mwalimu mwenzangu wa jiografia alinisikiliza mpaka mwisho, akanyanyua kikombe chake cha chai, akasema: "Kaka, watoto wana mtihani Novemba. Ukiwaambia miaka yote ni ya uongo, wataandika nini?"

Hoja nzito. Na ukweli ni kwamba siamini miaka yote ni ya uongo. Ukiondoa miaka yote unabaki na uji, kila kitu kilibadilika polepole kila mahali, na hapo hakuna mtu anayewajibika kwa lolote. Almeida alikuwa na mizinga na alikuwa na tarehe.

Ninachokitumia sasa ni swali moja gumu. Ni jambo gani ambalo mtu fulani, mahali fulani, aliweza kulifanya kabla ya tukio, na baada yake hakuweza tena? Mtu huyo akikosekana, tukio bado ni habari tu.

Nikaujaribu kwa swali hilo Mkutano wa Berlin, jibu linalotoka kwenye kila karatasi. Picha tuliyonayo vichwani ni ya mabwana wameinamia ramani ya Afrika na rula mkononi. Mkutano ulikaa kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, ukajadili zaidi biashara ya bonde la Kongo, usafiri kwenye mito ya Kongo na Niger, na masharti ya nchi kutangaza kwamba imeshika sehemu ya pwani. Tanganyika haikukatwa pale mezani. Wakati mabwana wanakaa Berlin, Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara akikusanya mikataba, ukiwemo ule wa Mangungo wa Msovero. Kibali cha Kaiser kwa mikataba hiyo kilitoka tarehe 27 Februari 1885, kesho yake baada ya mkutano kufungwa. Mstari unaopinda pale Kilimanjaro ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886, na mengine yakafuata 1890.

Na mtu wa Pangani? Kwake mwaka ni 1888. Hadi Julai majumbe walikuwa bado wanayaamua mambo ya mji wao chini ya Sultani wa Zanzibar. Agosti watu wa kampuni ya Wajerumani wakaja kushika utawala na kupandisha bendera yao, pwani ikawaka, Abushiri akasimama. Desemba 1889 akanyongwa hukohuko Pangani. Kuanzia hapo hakukuwa na jumbe wa kuamua kitu bila ya Mjerumani. Hilo linapita kwenye kipimo bila kusukumwa, na kwenye karatasi za wanafunzi wangu halikuandikwa na hata mmoja, kwa kuwa nami sikuwahi kuliuliza namna hiyo.

Binti wa benchi la nyuma nikampa alama zake mbili. Pembeni nikaandika: "Na kwa Sofala?"

## Shinkolobwe

Kuna tarehe moja niliyodhani hakuna wa kuitikisa. Tarehe 6 Agosti 1945. Hiroshima ilijua asubuhi ileile, Rais Truman akatangaza siku hiyohiyo, na magazeti ya dunia hayakuhitaji kungoja Marcellinus wa miaka arobaini. Kabla na baada viko wazi mno.

Lakini urani iliyotumika kwenye mradi wa bomu lile la atomiki ilitoka kwa wingi Shinkolobwe, mgodi wa Katanga, kusini mwa Kongo. Madini hayo yaligunduliwa hapo 1915, yakachimbwa na kampuni ya Wabelgiji ya Union Minière, kwanza kwa ajili ya radiumu. Mwaka 1940, vita vikiwa vimeimeza Ubelgiji, mkuu wa kampuni Edgar Sengier aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zipelekwe New York. Zikalala kwenye ghala la Staten Island mpaka Septemba 1942, ofisa mmoja wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alipoingia ofisini kwa Sengier kuulizia urani. Mzigo ulikuwa tayari upo ng'ambo ya maji.

Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tajiri kuliko ya mahali pengine popote palipojulikana wakati ule. Yalitolewa na watu wa Katanga, watu ambao amri za kazini walizisikia kwa Kiswahili, na hakuna aliyewaambia mzigo unakwenda kufanya nini. Mgodi ulifanywa siri. Agosti 1945 ilipopita, zamu za kazi ziliendelea, na Wamarekani wakaendelea kununua.

Kwao zama za nyuklia zilianza lini? 1915, jiwe lilipotambuliwa? 1940, lilipopakiwa? Nimejaribu kila mwaka kwa lile swali langu na hakuna unaokaa vizuri. Mgodi ulifungwa rasmi na serikali ya Kongo mwaka 2004, na hata baada ya hapo wachimbaji wadogo waliendelea kuingia humo kutafuta kobalti.

Muhula ujao somo la Vita vya Pili naanzia Katanga, kisha ndiyo tutafika Hiroshima. Najua mzazi mmoja atanipigia simu kuniuliza kama hilo limo kwenye silabasi. Halimo.